Onyo la Pombe na Sisi wa Kegi

Jamani, tangu ile Sheria ya Mututho ya kudhibiti pombe ipite hapa Kenya 2010, serikali inasema inatuonya kuhusu pombe. Inamwonya nani? Mimi wa kegi, ile bia ya pipa, onyo langu bado halijafika.

Sheria inataka onyo lichukue si chini ya asilimia 30 ya pakiti, kwa Kiingereza au Kiswahili. Vizuri sana. Sasa chupa imetoka kwenye friji, inavuja jasho, mwenyewe anaibandua lebo kwa ukucha kabla hajapiga funda la tatu. Na baa zetu mnazijua: taa moja, tena nyekundu. Utasoma nini pale? Hata bili tunasomewa.

Redioni ndiyo usiseme. Tangazo zima jamaa anabembeleza, sauti nzito, mpaka koo linakukauka. Akifika kwa "unywaji wa pombe kupita kiasi ni hatari kwa afya yako", anatimua mbio utadhani askari wa kanjo wametokea. Na hicho kiasi ni chupa ngapi? Hasemi. Wimbo umeshaanza.

Halafu lile onyo la kutoendesha gari wala mitambo ukilewa. Mimi nasukuma mkokoteni soko la Gikomba, injini ni hii miguu. Tangu polisi walete alkoblo, kile kipima ulevi, 2013, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nipulize. Kwani sisi hatuko barabarani?

Pale kwangu, chupa ya bia ni ya kuwekea mafuta ya taa. Kijana wangu wa gredi ya nne ameisoma lebo yote, kuanzia onyo la ini mpaka pale pa kutouziwa walio chini ya miaka 18. Siku hizi nikiingia usiku ananingoja mlangoni: "Baba, ini!" Mama yake anacheka mpaka anaacha kusonga ugali. Yaani nyumba nzima aliyeonywa na serikali ni yule asiyeruhusiwa kuuziwa.

Lakini kinachoniuma hasa ni kegi. Serikali yenyewe ilipunguza ushuru ili sisi wa mfuko mwepesi tuachane na chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji. Haya, tumeachana. Kegi inaletwa kwa jagi la plastiki, halina hata herufi moja. Mwenye chupa ananunua bia na ushauri wa daktari humo humo. Mimi wa jagi nimeachiwa Mungu. Hata chang'aa, sheria hiyo hiyo iliihalalisha, ila iwe ndani ya chupa ya kioo yenye lebo. Mama pima gani wa kutuuzia chang'aa ana lebo? Kikombe chenyewe ni kimoja na tunapokezana.

Juzi nikamwita mwenye baa, nikamwambia kama raia ninayejua haki yangu: nataka onyo langu.

Akanitazama weee. "Onyo liko kwa pipa, huku nyuma ya kaunta. Ukitaka kuja kulisoma, mzee, lipa kwanza lile deni la mwezi jana."