Nimekukatia Boti, Mama

Mama mkwe wangu alipokuja London kutoka Tanga, mke wangu alinikabidhi kazi moja tu: Jumamosi yeye yuko zamu, mimi nimtembeze mama na nisimuudhi. Nikapanga tuanzie jumba la makumbusho, kwa kuwa halina kiingilio, halafu saa tisa tukapande boti mtoni Thames. Tiketi nikazikata kimyakimya, nije nimshtukize.

Usiku ule nilikesha nikisoma habari za sarafu za dhahabu za Kirumi. Nani asiyetaka kuonekana msomi mbele ya mkwewe?

Mama alizipita za Augusto, mfalme wa kwanza wa Roma, zote, hata yenye mamba wa kutekwa kwa Misri. ("Mjusi kwenye hela?") Akaja kusimama kwenye moja ndogo kama kifungo cha koti, gramu 7 na ushei. Kijana na mwanamke wametazamana, pua kwa pua.

"Hawa nani?"

"Nero na mama yake, Agrippina. Mwaka 54, Nero ana miaka 16, ndiyo kwanza katawazwa. Na hayo maandishi yaliyowazunguka ni ya mama! Jina la mfalme mwenyewe limetupwa nyuma ya sarafu."

Machozi yakamlenga. "Kamtia mamake kwenye dhahabu! Huyo ndiye mtoto." Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, nikajua salio la mahari limekumbukwa.

Hapo ningenyamaza. Lakini elimu ya kukesha inawasha ulimi.

"Ngoja, mama. Mwaka uliofuata ikatoka nyingine. Safari hii wote wanaangalia upande mmoja, Nero mbele, mamake kachungulia tu nyuma ya shavu la mwanawe. Jina lake nalo likahamishiwa nyuma, kwenye gari la kukokotwa na tembo. Kisha akatoweka kabisa kwenye dhahabu."

"Akaenda wapi?"

"Mwaka 59 Nero alimuua."

Watoto wa shule waliokuwa jirani wakageuka. Mama akashusha miwani.

"Kamuuaje?"

"Kwa ustaarabu! Kamwalika karamuni, kule pwani ya Baiae, Italia. Wakala, wakacheka, akamkumbatia, akamsindikiza mwenyewe hadi kwenye boti moja nzuri ajabu. Kumbe imetegeshwa. Kufika majini, paa lililotiwa mzigo wa madini ya risasi likaporomoka. Bibi wa watu akaogelea, akapona, ndipo akatumiwa askari nyumbani."

Mama alikuwa kaukumbatia mkoba wake kama mtoto mchanga. Mimi nikatazama saa: tisa kasorobo! Nikamshika mkono kwa furaha.

"Haya mama, twende haraka. Zawadi yako iko tayari. Nimekukatia boti."

Akautoa mkono wake kwangu taratibu, kidole kimoja kimoja. Akatafuta simu, akampigia mke wangu kazini.

"Mwanangu, omba ruhusa uje unichukue. Mumeo kanikatia boti."