Mshindi Hana Kesi

Tarehe 8 Agosti 1945, mjini London, wawakilishi wa mataifa manne walitia saini mkataba wa kuanzisha mahakama ya kuwahukumu wakuu wa utawala wa Kinazi. Siku mbili kabla ya hapo Marekani, mmoja wa watiaji saini, ilikuwa imeiteketeza Hiroshima kwa bomu moja. Siku moja baada ya kutia saini ikaiteketeza Nagasaki. Miezi mitatu nyuma, tarehe 8 Mei, Ulaya ikiwa barabarani inashangilia ushindi, Wafaransa walikuwa wameanza kuwapiga risasi Waaljeria wa Sétif waliotoka kuandamana na bendera yao. Wiki zilizofuata maelfu waliuawa huko na katika eneo la Guelma. Uingereza ilikuwa imetoka kuichoma Hamburg na Dresden na wakazi wake ndani. Muungano wa Kisovieti nao ulikuwa na makaburi yake msituni, na hayo nitayarudia.

Hao ndio waliokaa kitini kuwa mahakimu.

Kabla hujaniuliza: hapana, siwalilii Wanazi. Waliosimama kizimbani Nuremberg, mji wa Ujerumani ilikokaa mahakama hiyo, walikuwa wameendesha kiwanda cha kuua watu, na nyaraka zilizowatia hatiani waliziandika na kuzisaini wao wenyewe. Katika washtakiwa 22 waliohukumiwa, 12 walipewa adhabu ya kifo na watatu waliachiwa huru. Mahakama ya kulipiza kisasi haiachii mtu huru. Ninachobishana nacho kipo kwingine, na ukitaka kukiona usianze na hukumu. Anza na kifungu cha kwanza cha hati ya mahakama iliyoambatanishwa na ule mkataba. Kinasema mahakama imeundwa kwa ajili ya wahalifu wakuu wa kivita wa nchi za Mhimili za Ulaya, yaani Ujerumani na wenzake. Basi. Mambo yote yalishaamuliwa pale, kabla shahidi wa kwanza hajafungua kinywa. Kifungu cha sita kinataja kama uhalifu kubomoa miji na vijiji bila ulazima wa kijeshi, maneno mazuri kabisa, ila yalikuwa yamefungiwa geti na kile cha kwanza.

Tunapolalamikia haki ya washindi, mara nyingi tunalalamika kana kwamba aliyeonewa ni yule aliyeshindwa. Mimi nadhani tunamhurumia mtu asiye sahihi. Jenerali aliyeshindwa kwa kawaida anastahili alichokipata. Anayeonewa ni marehemu, tena wa pande zote mbili, na kesi inayolionyesha hilo kuliko zote ni ya Karl Dönitz.

Dönitz aliongoza nyambizi za Ujerumani, na mwishoni akairithi nchi nzima kwa wiki tatu hivi baada ya Hitler kujiua. Miongoni mwa mashtaka yake lilikuwamo la kuzamisha meli za biashara bila onyo na kuwaacha mabaharia wafe maji. Wakili wake, Otto Kranzbühler, alikuwa mwanasheria wa jeshi la wanamaji. Hakupoteza muda kumpaka mteja wake rangi ya malaika. Aliomba apelekewe maswali Admirali Chester Nimitz, kamanda wa wanamaji wa Marekani katika Pasifiki: ninyi mlipiganaje? Nimitz akajibu kwa kiapo, na alijibu kiume. Marekani ilikuwa ikizizamisha meli za Japani bila onyo tangu siku ya kwanza ya vita, Desemba 1941. Na kwa kawaida nyambizi zake hazikuwaokoa manusura wa adui pale ambapo kufanya hivyo kungeihatarisha nyambizi yenyewe.

Majaji wakafanya jambo la ajabu. Walikubali kwamba Dönitz alivunja sheria za vita vya majini, halafu wakasema kwamba kwa kuzingatia majibu ya Nimitz, pamoja na amri ya Waingereza ya Mei 1940 ya kuzamisha meli zote zionekanazo katika mlango wa bahari wa Skagerrak, adhabu yake haitapimwa kwa kosa hilo. Akafungwa miaka 10 kwa makosa mengine.

Wapo wanaoisifu hukumu hiyo kwa uungwana, na kwa upande mmoja wana haki. Hata hivyo hebu iangalie kwa macho ya baharia wa meli ya mizigo aliyekuwa akielea juu ya ubao, awe Mwingereza wa Atlantiki au Mjapani wa Pasifiki. Mahakama ilikuwa na milango miwili. Ingeweza kusema kosa ni kosa, alifanye Dönitz au alifanye Nimitz. Au ingeweza kusema kwa kuwa wote mlifanya, tuachane nalo. Ilichagua wa pili. Dönitz alipona, Nimitz hakuguswa, na yule baharia akafutwa kwenye daftari, yeye na mwenzake wa bahari nyingine. Usawa ulipatikana kweli, ila ulipatikana kati ya makamanda.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mabomu ya ndege. Telford Taylor, aliyekuwa mmoja wa waendesha mashtaka wa Marekani, aliandika baadaye waziwazi kwamba kwa vile pande zote mbili zilicheza mchezo huo wa kubomoa miji, tena Washirika (Marekani, Uingereza na wenzao) kwa mafanikio makubwa zaidi, hapakuwa na msingi wa kumshtaki Mjerumani wala Mjapani kwa jambo hilo. Watu wa Warsaw na Rotterdam, miji iliyopigwa na ndege za Kijerumani, walikosa haki kwa sababu ya Dresden. Wangewezaje kudhani kwamba kulipiziwa kisasi ndiko kutakakofunga kesi yao?

Kuhusu Wasovieti sina maneno mengi, kwa sababu jambo lenyewe linajisema. Hati ya mashtaka ya Nuremberg iliwatuhumu Wajerumani kuua maofisa 11,000 wa Kipoland katika msitu wa Katyn. Waliolileta shtaka ni Wasovieti, na Wasovieti ndio waliokuwa wamewaua, kwa uamuzi uliopitishwa na Stalin na wenzake tarehe 5 Machi 1940. Idadi kamili ya Wapoland waliouawa kwa uamuzi ule inakaribia 22,000. Julai 1946 mahakama ilisikiliza mashahidi watatu wa kila upande, ikaona mambo hayaendi, na hukumu ilipotoka jina la Katyn halikuwamo kabisa. Moscow ilikiri mwaka 1990. Kesi ya ngedere alipelekewa nyani, na nyani akapoteza faili.

Ila historia nayo ina kejeli zake. Serikali hiyohiyo, Desemba 1949, ilifungua kesi mjini Khabarovsk dhidi ya Wajapani 12 waliohusika na silaha za vijidudu, pamoja na majaribio ya Kikosi namba 731 cha jeshi la Japani kilichowapasua na kuwaambukiza watu wakiwa hai huko Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China. Wamarekani wakaiita propaganda. Kumbe wao walikuwa wameshamhakikishia kinga Ishii Shiro, mkuu wa kikosi hicho, pamoja na watu wake, ili wapate matokeo ya utafiti wao. Ishii alifariki mwaka 1959 bila kupelekwa mahakamani. Kwa hiyo waliosema uongo juu ya Katyn ndio waliosema kweli juu ya Kikosi 731, na waliojigamba kwa utawala wa sheria ndio walioficha ukweli huo. Mfalme Hirohito naye hakuitwa kamwe mbele ya mahakama ya Tokyo iliyowahukumu wakuu wa Japani, hata kwa ushahidi.

Palikuwa na jaji mmoja Tokyo aliyeyasema haya wakati huohuo. Radhabinod Pal wa India aliandika hukumu ndefu ya kupinga na kutaka washtakiwa wote waachiwe. Alitoka katika nchi iliyokuwa bado chini ya Waingereza kesi ilipoanza, na hakuona kwa nini mataifa yenye makoloni yawahukumu wengine kwa kuvamia nchi za watu. Hoja hiyo inaniingia. Tatizo ni kilichofuata. Pal hakukana kwamba ukatili wa wanajeshi wa Japani katika mji wa Nanjing, China, ulitokea; alisema ushahidi wake ni mwingi mno. Lakini leo ana mnara wa kumbukumbu katika hekalu la Yasukuni mjini Tokyo, linaloenzi wafu wa vita wa Japani, na wanaoupigia saluti si watetezi wa wanyonge wa dunia. Ni wale wanaotaka Japani isiombe radhi kwa lolote.

Hapo ndipo ninapokuwa mkali kwa watu wa upande wangu. Mara nyingi anayepiga kelele za "mbona na wao" hataki na wao washtakiwe. Anataka asishtakiwe mtu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, sawa, ila kuna wanaoikumbuka methali hiyo siku mkuki unapowaelekea wao tu. Mizani ninayoitumia mimi ni moja: je, msemaji anamtaja marehemu wa upande wa pili kwa nia ya kumtafutia haki, au anamtumia kama ngao?

Wakoloni hawakuhitaji hata ngao. Nchini Kenya, serikali ya Uingereza iliwanyonga watu zaidi ya 1,000 kwa makosa yanayohusiana na Mau Mau, yakiwamo ya kukutwa na silaha. Upande wa pili, tarehe 3 Machi 1959 katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa na walinzi hadi kufa kwa kukataa kazi ya kulazimishwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walifariki baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Maji! Hakuna aliyepandishwa kizimbani kwa vifo vile. Mwaka 2013 London ilikubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya paundi milioni 19.9, waziri wa mambo ya nje akasema wanasikitika, na papo hapo akasisitiza kwamba serikali yake haikubali kuwajibika kisheria. Kwa Mau Mau ilikuwa jinai na kitanzi. Kwa aliyeshinda ilikuwa madai na hundi, tena baada ya zaidi ya nusu karne.

Siku hizi vifungu vya kwanza vimejifunza adabu. Havitaji tena upande ulioshindwa, vinataja tarehe. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha ilipewa na Baraza la Usalama mamlaka juu ya matendo ya mwaka 1994 pekee, Januari hadi Desemba. Ilifanya kazi kubwa, na iliyoifanya ilistahili kufanywa: mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi hayana mwenzake katika vita vile, na anayeyaweka kwenye kipimo kimoja na mengine anapotosha. Lakini waliouawa Kibeho Aprili 1995 na wanajeshi wa serikali mpya walikuwa wameshapitwa na kalenda. Na hata ndani ya mwaka wenyewe wa 1994, katika watu 93 walioshtakiwa Arusha hakuna hata mmoja wa jeshi la RPF, waasi walioshinda vita na kushika serikali. Mwendesha mashtaka Carla Del Ponte, aliyetaka kulichunguza, aliondolewa kwenye nafasi hiyo mwaka 2003, na mwenyewe amesema uchunguzi huo ndio uliomponza. Kesi ya wanajeshi wa RPF waliowaua maaskofu na mapadri Juni 1994 ilikabidhiwa kwa Rwanda yenyewe. Makapteni wawili walikiri, wakapewa miaka minane, rufaa ikaishusha hadi mitano. Na Cote d'Ivoire, baada ya vita vya 2011, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ilitoa hati tatu za kukamata, zote za upande wa Rais Gbagbo aliyeng'olewa. Gbagbo mwenyewe aliachiwa huru mwaka 2019. Waliouawa katika mji wa Duékoué na wapiganaji wa upande wa Ouattara, aliyeshinda, bado wanasubiri hati yao ya kwanza kutoka ICC.

Sasa, kuna mtu ataniambia dunia ndivyo ilivyo, mshindi hajishtaki. Ningekubali kama isingekuwapo Sierra Leone. Sam Hinga Norman aliwaongoza wapiganaji wa jadi, Wakamajor, waliopambana na waasi wa RUF, wale waliokata watu mikono. Kwa wananchi wengi alikuwa shujaa. Machi 2003 Mahakama Maalum ya Sierra Leone ilimkamata akiwa waziri wa mambo ya ndani, ofisini kwake, kwa mauaji yaliyofanywa na watu wake. Nchi ikagawanyika. Norman alifariki Februari 2007 kabla ya hukumu, lakini wenzake wawili, Fofana na Kondewa, walitiwa hatiani. Mahakama ya awali ikawahurumia: miaka sita na minane, kwa kuwa walipigania kurudisha serikali iliyochaguliwa na wananchi. Mwaka 2008 majaji wa rufaa wakaitupa hoja hiyo. Walisema uzuri wa sababu ya kupigana haupunguzi adhabu ya aliyemuua raia, wakapandisha vifungo hadi miaka 15 na 20.

Nikitakiwa kuonyesha ukurasa mmoja tu wa sheria uliomtazama marehemu bila kuuliza kwanza aliuawa na nani, nitaonyesha huo. Japo nao una doa. Rais Kabbah, aliyekuwa mkuu wa Norman serikalini, hakushtakiwa, na utetezi ulipoomba aitwe walau atoe ushahidi, mahakama ilikataa.