Familia Bila Gari Jijini Mbeya: Tuanze na Mahali pa Kuishi

Katika familia nyingi za watumishi na wafanyabiashara wadogo hapa Mbeya, gari limekuwa kipimo cha kwamba mambo yamenyooka. Mtu akishapata ajira ya kueleweka na kujaliwa mtoto wa pili, swali huanza kumfuata kwenye vikao vya harusi na misibani: "Shemeji, usafiri lini?" Huulizwa kwa upendo, na wengi hulijibu kwa kuchukua mkopo ambao makato yake yanaendelea hata baada ya gari lenyewe kuanza kudai injini nyingine. Mimi na mwenzangu tunalea watoto katika jiji hili bila gari, na tumeamua hivyo kwa hiari. Ninaamini kwa dhati kwamba familia nyingi za kipato cha kati zingeishi vizuri zaidi kama fedha ya gari wangeitumia kukaa karibu na kazi, shule na soko.

Jiografia ya Mbeya inatusaidia kuliko tunavyokiri. Jiji limelala kwa urefu, milima ya Loleza na Mbeya ikilikinga upande wa kaskazini, na barabara kuu iendayo Zambia inalipitia kutoka Uyole, ikipita maeneo kama Mwanjelwa na Mafiati, hadi Iyunga iliko stesheni ya reli ya TAZARA, kisha inateremka Mbalizi. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu nusu milioni jijini, lakini kwa kuwa sehemu kubwa ya shughuli zao imejipanga kuifuata barabara hiyo moja, anayeishi jirani nayo hufika karibu kila anapohitaji kwa daladala moja, au mbili ikiwa anapanda mjini kuelekea Sokomatola na Uhindini. Jiji lililotawanyika kila upande, kama lilivyo Dar es Salaam, haliwapi wakazi wake nafasi hiyo kwa urahisi namna hii.

Nafasi hiyo tunaipoteza wenyewe siku tunaponunua kiwanja. Tunafuata bei nafuu pembezoni, tunajenga kwa miaka mingi, tunahamia nyumba ikiwa haijapigwa hata plasta, na mwezi wa kwanza tu tunagundua kwamba shule iko mbali, daladala hazifiki, bodaboda ya kwenda na kurudi inakula posho, na mvua za Februari zimegeuza njia kuwa tope lisilopitika. Hapo gari huonekana kuwa jambo la lazima, na kwa kweli limekwisha kuwa la lazima, kwa sababu kiwanja kile cha bei nafuu kilikuwa na gari ndani yake ambalo halikuandikwa kwenye hati ya mauziano. Ndiyo maana sisi tulikubali kupanga nyumba ndogo, kwa kodi iliyo juu kidogo, mahali ambapo watoto wanaweza kwenda shule ya msingi kwa miguu. Kujenga kutakuja, na kukija tutaangalia kwanza kituo cha daladala kabla ya kuangalia ukubwa wa kiwanja.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwishoni mwa 2023 LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, ilipandisha nauli ya daladala kwa umbali usiozidi kilomita 10 kutoka shilingi 500 hadi 600, na ya mwanafunzi ikabaki 200. Tuchukue wazazi wawili na wanafunzi wawili, wote wakipanda daladala kwenda na kurudi: ni shilingi 3,200 kwa siku, yaani 70,400 kwa siku 22 za kazi. Familia hiyo hiyo ikitumia gari dogo linalokunywa lita mbili tu kwa siku, na tukiweka petroli shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, inatumia 132,000 kwa mafuta peke yake, na bei hiyo EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, huitangaza upya kila mwezi bila kujua mshahara wako umebaki kiasi gani. Bado bima ndogo ya shilingi 118,000 kwa mwaka, bado matairi, oili na fundi. Juu ya yote kuna gari lenyewe: mkopo wa shilingi milioni 15 unaolipwa kwa miaka mitano, hata kama usingekuwa na riba yoyote, ni 250,000 kila mwezi. Kwa familia kama yetu, ambayo watoto wadogo hawapandi chochote kwenda shule, tofauti hiyo ndiyo inayoongezea kodi ya nyumba, inayolipa bima ya afya na inayonunua chakula cha mwaka.

Suala la chakula ninalipenda zaidi kuliko yote, kwa kuwa kubana matumizi katika nyanda hizi hakumlazimishi mtu kula vibaya. Mahindi yanapovunwa, kuanzia Juni hadi Agosti hivi, bei hushuka, na mwenye fedha taslimu mkononi wakati huo hununua magunia yatakayomfikisha msimu mwingine, ilhali anayenunua unga wa kilo mbili mbili dukani hulipa bei ya juu ya Februari. Sisi huhifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa, ambayo ina mifuko miwili ya plastiki ndani ya salfeti moja. Mahindi lazima yawe yamekauka hasa. Unayajaza, unakandamiza ili hewa itoke, unasokota mdomo wa mfuko wa ndani kabisa, unaukunja na kuufunga kwa kamba, kisha unafanya vivyo hivyo kwa wa pili na mwisho kwa salfeti. Dumuzi na fukusi waliokwisha kuingia hufa kwa kukosa hewa, wala huhitaji kuchanganya dawa na chakula cha watoto. Maharage nayo huwekwa hivyo hivyo. Viazi tunanunua kwa debe, tunaviweka gizani visije vikawa vya kijani, na mchele wa Kyela au wa Usangu tunanunua kwa kiasi kikubwa mara chache badala ya kwa kilo kila wiki.

Watu huuliza mizigo hiyo inafikaje nyumbani. Inafika kwa guta au bajaji ya mizigo, kwa bei inayopatanwa pale pale sokoni Mwanjelwa, na kijana anayeileta huishusha hadi jikoni. Kumiliki gari mwaka mzima kwa ajili ya magunia yanayobebwa mara chache ni gharama ambayo sijawahi kuielewa. Ndizi za Rungwe, maparachichi na mboga hazihitaji chochote zaidi ya kikapu, kwa sababu soko linafikika kwa miguu tukitoka kazini.

Kuna asubuhi ngumu, na anayeshauri familia kuishi hivi ana wajibu wa kuzieleza. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi karibu na Mei, na wakati wa masika ya Machi mtoto huondoka nyumbani amevaa buti za mpira, koti la mvua juu ya sweta, viatu vya shule vikiwa ndani ya begi pamoja na madaftari yaliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Juni na Julai ni baridi inayochoma masikio, na hapo masweta mazito ya mitumba, yanayorithiwa kutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake, hufanya kazi kubwa kwa gharama ndogo. Usiku wa manane mtoto akipandwa na homa, tunampigia dereva wa bajaji anayelala mtaa wetu; anateremsha maturubai pande zote mbili na kutufikisha hospitali ya Meta. Fedha ya safari hizo tunaitenga kila mwezi, na haiguswi kwa jambo jingine.

Wapo wanaohitaji gari kweli: anayeuguza mtu asiyeweza kutembea, mwenye mtoto mwenye ulemavu, anayetoka zamu usiku sana, mwenye shamba Chunya au Mbarali. Hao wasisumbuliwe na maoni yangu.

Kinachoniuma ni kwamba familia inayotembea kwa miguu haipangiwi nafasi. Barabara ile ile inayoturahisishia daladala hupitisha usiku na mchana malori ya mizigo ya Zambia, Kongo na Malawi, na miteremko ya Iwambi na Mlima Nyoka imekwisha kuua watu wengi pale breki zinapogoma. Mradi wa kuipanua kuwa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29, ni wa lazima, lakini barabara ikiwa pana zaidi na magari yakienda kasi zaidi, mtoto wa darasa la tatu anahitaji mahali salama pa kuvukia kuliko anavyohitaji sasa. Naisihi TANROADS, wakala wa barabara kuu, ihesabu vivuko, taa za waenda kwa miguu na njia za pembeni kuwa sehemu ya barabara yenyewe, visiwe nyongeza ya kutekelezwa fedha ikibaki. Kwenye mitaa, TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, inapoweka lami huacha mara nyingi mtaro mrefu ulio wazi ukingoni, na mtembeaji husukumwa aingie njia ya magari kila bajaji mbili zinapopishana.

Daladala nazo zina wanafunzi wanaoachwa vituoni asubuhi kwa sababu nauli yao ni ndogo. Kanuni inawatambua, kondakta hawatambui, na watu wazima tuliomo ndani tunanyamaza ili tusichelewe kazini. Kwenye mkutano wa mtaa wetu nimeomba jambo hili liingizwe kwenye ajenda pamoja na mifuniko ya mitaro, na kwamba saa 12 asubuhi awepo mtu mzima wa kusimama kituoni na watoto hadi wote wapande.