Baba, Hii CD Ina Steringi?

Jamani, mtu akikuuliza "hii CD ina steringi?" nawe umesimama dirishani tangu saa mbili asubuhi, unamjibu nini? Mimi nimeulizwa leo, nilipokwenda kuchukua kifurushi changu cha filamu kutoka Marekani. Na aliyeuliza ndiye mwenye muhuri, kwa hiyo hilo si swali la kubeza.

Kwanza nijitambulishe kwa heshima zangu zote. Mimi ni mkusanyaji wa filamu. Si muuzaji, si mchomaji, wala si yule kijana wa kibandani anayekujazia flashi single na season hadi inapata joto. Mkusanyaji. Nina kabati la vioo sebuleni, na mama watoto hunikumbusha kazi halisi ya kabati la vioo kila wageni wanapokuja tukawanywesha chai kwenye vikombe vya plastiki. Ndani yuko Kurosawa, yuko Ozu, yuko Satyajit Ray, yuko Sembène, waongozaji wakubwa wa filamu. Wamepangwa kwa namba za ubavuni mwa kava, maana Wamarekani wa kampuni ya Criterion kila filamu wanayotoa kwenye diski huipa namba: 1 ni Grand Illusion ya Jean Renoir, 2 ni Seven Samurai, na kuendelea mpaka mtu afilisike. Juzi dada wa kazi akafuta vumbi, akazipanga upya kwa rangi. Nyekundu na nyekundu, bluu na bluu. Nikamshukuru, nikaingia chumbani kujilaza.

Tabu za kazi hii mnazijua, sina haja ya kuzitaja. Ila hili la kugawiwa dunia sitalinyamazia. Mababu zetu waligawiwa Berlin 1884, sisi tukaja kugawiwa na watengenezaji wa DVD, diski ya ukanda mmoja isisome kwenye deki ya ukanda mwingine. Marekani na Kanada wakajipa ukanda wa 1. Ulaya na Japani wakachukua wa 2, Afrika Kusini wakaichomeka humo humo. Sisi Watanzania tukatupwa ukanda wa 5, pamoja na Urusi, India, Mongolia na Korea Kaskazini. Yaani mimi na mtu wa Pyongyang tumewekwa fungu moja, wakati hata salamu hatujawahi kupeana. Ikaja diski ya Blu-ray, mrithi wa DVD, wakagawa upya, safari hii kwa herufi, tukaamka tuko B na Wazungu wa Ulaya. Hakuna aliyetuuliza, hakuna aliyetupongeza. Ukiweka diski ya A kwenye deki ya B, deki inakutazama tu. Ndiyo maana fundi wangu wa Kariakoo akaifungua yangu ikawa haina uraia. Sasa inasoma chochote kile, ila sinia halitoki mpaka uipige kofi upande wa kushoto.

Na msinianzishie habari za kasi. DVD za Ulaya zinapitisha picha 25 kwa sekunde badala ya 24 za sinema, kwa hiyo filamu ya dakika 100 inakwisha kwa dakika 96. Dakika nne zangu kala nani? Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp swali hilo limewagombanisha watu waliosimamiana harusi.

Haya, twende dirishani. Ofisi siitaji, ninyi wenyewe mmeshasimama pale.

"Shikamoo baba," akasema binti, kwa sauti tamu kabisa.

"Marahaba, mwanangu."

Mtumishi akikuamkia vizuri namna ile, jua siku yako imekwisha.

"Kitambulisho, baba yangu." Nikatoa. "Na kopi yake." Sina. "Kopi unatoa hapo nje, kwa yule kaka mwenye mwavuli." Nikaenda kwa kaka mwenye mwavuli, umeme umekatika. Akanielekeza kwa kaka mwenye jenereta, ambaye bei yake ni ya jenereta. Nikarudi na kopi, dirisha limefungwa, wako chai. Wakarudi chai. "Baba, na risiti ya kununulia." Nikamwonyesha kwenye simu. "Hiyo ichapishe." Kaka wa jenereta aliponiona tena akanivutia kiti kama mkwe.

Nikarudi. Foleni ikanikumbuka, ikanipisha, nikasogea.

"Humu ndani kuna nini?"

"Filamu."

"Filamu za aina gani?" Na hilo jicho sasa.

"Filamu za heshima," nikasema, tena kwa sauti, wasikie wote. Ndugu zangu, usiseme neno heshima mbele ya foleni. Waliokuwa wanachezea simu wakaacha. Mzee mmoja wa kanzu akasogea karibu.

"Ziko ngapi?"

"Moja."

"Moja?" Akaisoma risiti mara mbili, akamwita mwenzake, wakaisoma pamoja. "Baba, dola 39 na senti 95 kwa CD moja? Pale kituoni si wanakujazia flashi nzima, tena zilizotafsiriwa!"

Nikamweleza kwamba hii imesafishwa upya kutoka kwenye mkanda wa asili, picha kwa picha, na ina kijitabu. Akasema kwa bei hiyo lazima ni ya biashara, je, leseni ninayo? Nikasema ni ya kuangalia nyumbani. Na nani? Peke yangu, mama watoto husinzia majina ya mwanzo yakiwa bado yanapita. Akaandika kitu kwenye karatasi. Sijui aliandika nini, lakini alikipigia mstari.

"Inahusu nini?"

Hapo nikajisahau kidogo. Nikaweka sauti ya mhadhara. "Inaitwa Mandabi. Imetengenezwa na Ousmane Sembène wa Senegali, mwaka 1968, watu wanazungumza Kiwolofu chao..."

"Inahusu nini, baba?"

"Inahusu mzee mmoja wa Dakar, Ibrahima Dieng, ana wake wawili na kazi hana. Mpwa wake anafagia barabara Paris, akamtumia hati ya fedha, faranga 25,000. Mzee akaenda posta kuzichukua. Wakamwambia kitambulisho. Hana. Akaenda kutafuta kitambulisho, wakamwambia lete cheti cha kuzaliwa na picha. Akaenda kutafuta cheti, wakamuuliza umezaliwa lini..."

Nikasikia kimya. Kisha nyuma yangu mtu akachekea puani.

Binti akaweka kalamu chini. "Baba. Unanisema mimi?"

"Hapana, mwanangu! Hii ni 1968! Tena ni Senegali!"

"Kwa hiyo umeagiza Marekani filamu ya kutusema."

"We dada, hebu mwache baba amalize," akadakia mama mmoja aliyejitanda kanga, mtoto mgongoni. "Hizo hela alizipata?"

"Hakuzipata," akasema mzee wa kanzu, ambaye filamu yenyewe hajaiona.

"Steringi hawezi kukosa," akasema kijana wa bodaboda, kofia ngumu kichwani.

Ndipo binti akainua mkono kunyamazisha watu, akaniangalia usoni: "Ngojeni kwanza. Baba, hii CD ina steringi?"

"Steringi ni Dieng."

"Anapigana?"

"Anapigwa. Alikwenda kupiga picha ya kitambulisho, picha hakupata, na damu puani akatolewa."

Bodaboda akasikitika waziwazi. Nadhani alikuwa ameshaamua kuitafuta, sasa akaghairi.

"Mwisho inakuwaje?"

Sasa, sisi wakusanyaji tuna miiko. Diski haishikwi usoni, kava halikunjwi, na mwisho wa filamu hausimuliwi kwa mtu ambaye hajaiona. Nikamwambia kwa upole kwamba hilo siwezi.

"Baba," akasema, "muhuri ninao mimi."

Nikasimulia. Nikasema anatokea ndugu yao, Mbaye, mtu wa suti, Kifaransa kimemnyooka, anamwambia mzee usihangaike, nipe uwakilishi nikuchukulie mimi. Mzee anampa. Mbaye anazichukua, kisha anasema kaibiwa mfukoni, anamwachia mzee gunia la mchele.

"Ndugu!" ikalipuka foleni nzima kwa pamoja.

Basi kazi ikaishia hapo. Mama wa kanga akaanza habari za shemeji yake aliyemuuzia kiwanja cha Chanika, kiwanja ambacho alishamuuzia mtu mwingine. Mzee wa kanzu ana mtoto wa dada aliyekwenda kumfuatilia mafao, mpaka leo anayafuatilia, na katika kuyafuatilia kajenga. Bodaboda akasema pikipiki yenyewe si yake, ni ya kaka yake, na tusimuulize zaidi. Mlinzi akaacha lango akaja kusikiliza. Hata binti wa dirishani akavua miwani, akasema ada yake ya chuo mwaka wa pili ilipitia kwa baba mdogo, naye alisema hivyo hivyo: kaibiwa mfukoni, tena kwenye daladala. "Na mchele hakuleta," akasema.

Nikadhani sasa tumekuwa familia. Nikadhani muhuri utashuka wenyewe. Akavaa miwani, akanitabasamia. "Pole sana baba. Mtandao unasumbua."

Mtandao ukasumbua saa nzima. Uliporudi tukahesabu kodi, na ile asilimia 18 inayotufuata mpaka kwenye chumvi, nikalipa kwa simu, ujumbe wa malipo ukachelewa njiani nao, sijui una foleni yake huko angani. Kisha akachukua kisu. Nikasema mwanangu, taratibu. Akapasua boksi, akapasua na nailoni ya kava, kisu kikapita juu ya uso wa yule mzee wa Senegali kuanzia shavuni mpaka kwenye kola. Akafungua, akaitoa diski, akaigeuza kuangalia chini yake kuna nini, na kidole gumba, kidole kilichotoka kula chapati ya saa nne, kikatulia katikati ya uso unaosomwa. Alama yake ikabaki pale, mistari yote inahesabika. Kitambulisho changu hakina alama safi namna ile.

"Mbona haina picha ya mtu ameshika bunduki?" akauliza. Akagonga muhuri.

Mnanicheka. Chekeni. Lakini niambieni mtu afanyeje. Avalon iko wapi? Empress iko wapi? Odeon, New Chox? Wazee wa Dar mnayakumbuka majumba hayo, mtu anavaa suruali ya pasi kwenda kuangalia picha. Leo mnaniambia kila kitu kiko intaneti. Kiko kwa muda gani? Filamu unaiona Jumatatu, Alhamisi imeondolewa, hujui aliyeiondoa wala sababu, na bando lako limekwenda. Hao Netflix wenyewe walianza kwa kuwatumia watu DVD kwa posta, na 2023 wakaifunga huduma hiyo, kwao imekwisha wakati mimi ndiyo kwanza natoka dirishani na kifurushi. Filamu ya mtu wa Afrika inayosimulia maisha yangu mimi, lazima niiagize Marekani, kwa dola, niilipie nauli ya ndege zaidi ya ninavyolipa ya kwangu kwenda Mwanza, halafu nisimame nihojiwe kana kwamba nimeingiza nyoka! Sembène alifariki 2007, na angalau yeye ameepuka kuulizwa kama ana leseni.

Nimefika nyumbani, LUKU imekata. Nimenunua, umeme umerudi. Jirani kaja kuchungulia, kaona punjepunje za mkanda kwenye picha, zile tunazozipigania kwenye kikundi usiku kucha zisifutwe na mashine, akanipa pole kwamba TV yangu ina chenga na antena niipandishe juu ya mwarobaini. Mwanangu kauliza kwa nini wanaongea na maandishi. Mama watoto kakaa, kaangalia mpaka Dieng anakula wali, jamaa anakula ule wali kwa raha zake, anacheua, analala. Nikamwona anatikisa kichwa. Nikajua sasa ameguswa, sanaa imefika. Nikamuuliza umeonaje.

"Wali wao unachambuka," akasema. "Si huu wako uliouleta Jumamosi."

Na hapo hakukosea. Kwa sababu muuza mchele wa pale kona aliniapia kwamba ni wa Kyela, akanipa niunuse, nikanusa, ukanukia. Tumepika, harufu imebaki dukani. Hivi mmeshaona muuza mchele akisema wake si wa Kyela? Kyela ingekuwa na ukubwa wa Kongo isingetosha kulima mchele wote unaouzwa mjini kwa jina lake. Wanachanganya, mimi najua wanachanganya, gunia moja zuri linawekwa mbele la kunusisha na yale mengine yako nyuma ya pazia, na ukisema unataka upimiwe kutoka hili la mbele unaambiwa hilo lina mwenyewe, ameshalipia, anakuja na gari. Gari hilo silijui ni la nani, lakini kila nikienda liko njiani.