Nilikuwa Nasoma Tu

Watu wakisikia naandika matangazo ya biashara wanadhani nashinda kwenye kiyoyozi nikisubiri maneno yashuke. Yangekuwa yanashuka, nisingekutwa na yaliyonikuta Kariakoo.

Mteja alikuwa muuza magodoro. Alitaka tangazo la redio na la mabango, na alitaka neno jipya. Sasa niambieni, godoro lina jipya gani? Laini wameshasema wote, imara wameshasema wote, na "usingizi mnono" limetumika mpaka limekonda. Nilimpelekea bosi "Lala kifalme". Akaniuliza nimewahi kuona mfalme anayelala vizuri. Nikarudi na "Usingizi ni haki yako". Akasema hicho ni kipande cha hotuba ya kampeni. Bosi wangu huyu ana ugonjwa wa kumtaja Ogilvy, yule bingwa wa matangazo aliyeandika mwaka 1958 kwamba Rolls-Royce mpya ikienda maili 60 kwa saa, kelele kubwa kuliko zote humo ndani ni ya saa yake ya umeme. "Unaona?" huniambia. "Hakusifia, ametaja kitu." Naona, bosi. Lakini godoro halina saa.

Ndipo nikakumbuka kanga. Nani katika pwani yetu anauza kwa maneno machache kuliko watu wa kanga? Mwanamke anaingia dukani, anapapasa kitambaa, anatazama rangi, halafu analigeuza doti atafute jina, yale maneno yaliyochapwa juu yake. Akilisoma akaguna, anaondoka. Akilisoma akacheka peke yake, ujue kuna jirani atakayeambiwa kitu jioni bila mdomo kufunguliwa, na hela imeshatoka. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, yule wa kanga za "Mali ya Abdulla", alilijua hilo zamani, enzi ambazo majina ya kanga yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Pindo ni urembo, mji wa katikati ni urembo. Biashara yenyewe iko kwenye jina. "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Mpe mwandishi yeyote wa matangazo nafasi ile ya kiganja aandike kitu kizito kuliko hicho, tuone.

Mwenye akili angekwenda Mtaa wa Uhuru, asimame mbele ya kanga zilizotundikwa, asome mpaka macho yaume. Nilikwenda. Muuzaji akaniuliza nachukua doti ngapi. Nikamwambia nasoma tu. Akanielekeza, kwa adabu zote, kwamba maktaba iko Barabara ya Bibi Titi.

Nikatoka nikiwa na wazo bora zaidi. Kanga ya dukani bado inatafuta mtu, lakini kanga inayotembea mtaani imeshampata. Hiyo ndiyo iliyoshinda, na mwenye utafiti wake huwafuata washindi. Nikatoa kidaftari, nikaanzia Msimbazi, nikakata Mtaa wa Kongo, nikawa nasoma na kuandika.

Anayezijua kanga ameshaliona tatizo kabla yangu. Mwanamke akijifunga kanga kiunoni, jina huangukia nyuma. Sikulipanga mimi. Ndivyo zinavyochapwa.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka alipopita mama mmoja na beseni la dagaa kichwani, kanga nyekundu yenye mji mweusi, mwendo wa mtu mwenye wateja wanaomsubiri. Nikaona UMDHANIAYE. Basi. Maneno yaliyobaki yalikuwa yameingia kwenye mkunjo ubavuni. Najua mtakachosema: si ile methali ya siku zote? Si kila mtoto anajua mwisho wake? Hapo ndipo msipozijua kanga za siku hizi. Zinaanza na methali ya bibi, unatikisa kichwa kwa heshima, halafu mwishoni zinakutandika kofi. Mwisho ule ungeweza kuwa wowote. Ungeweza kuwa tangazo langu la godoro.

Nikamfuata.

Akisimama, nasimama. Akivuka, navuka. Akipiga hatua ndefu mkunjo unafunguka kidogo, naona herufi moja, unafunga. Alipotua kumpimia mteja nikapata nafasi yangu, nikainama taratibu kama mtu wa kufunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa makubazi.

"Oya! Bro! Unapiga chabo mchana kweupe?"

Alikuwa kijana wa machungwa, mwenye sauti iliyozoea kushindana na honi. Kariakoo ina watu wengi wenye haraka, lakini neno chabo lilimwondolea kila mtu haraka yake. Mama wa dagaa akageuka polepole, akanitazama kuanzia makubazi kwenda juu.

"Mwanangu," akaniuliza, "umepoteza nini huko nyuma?"

"Shikamoo mama. Nilikuwa nasoma tu."

Sijui kwa nini nilitegemea jibu lile lingesaidia. Watu walicheka mpaka wa ghorofani wakachungulia. Kijana wa machungwa akatoa simu na kuanza kurekodi. Wengine wakapendekeza nichapwe kwanza, maelezo yafuate, na kama si mama mwenyewe kusema nipelekwe kwa mjumbe, hadithi hii ingeandikwa na mtu mwingine.

Mjumbe tulimkuta barazani anacheza bao. Mzee wa makamo ya mwisho, miwani kwenye kamba, hakupenda kabisa kukatishwa maana mchezo ulikuwa upande wake. Akasikiliza mashtaka huku kete zikiwa mkononi. Akasikiliza utetezi. Akasema, "Lete hicho kidaftari."

Nilimpa kwa moyo mweupe. Kidaftari ndicho kilikuwa ushahidi wangu. Mzee akavaa miwani, akakohoa, akasoma kwa sauti ya kusomea wosia:

"Njano. Mama wa ndizi. Yote imeonekana vizuri."

Pakawa kimya. Akafungua ukurasa.

"Bluu, mnene, kona ya Sikukuu. Haikusomeka, amekaa."

"Haa!" akasema mtu.

"Kijani, anatembea haraka. Nusu tu. Nimrudie kesho." Mzee akanitazama juu ya miwani, kisha akaendelea. "Nyekundu, dagaa. Mwanzo mzuri sana. Mwisho umejificha."

Mama wa ndizi naye alikuwepo, na chane bado mkononi. Nikasema kwa haraka kwamba yale ni majina ya kanga, kwamba mimi ni mwandishi wa matangazo, kwamba nilikuwa natafuta maneno ya kuuzia godoro.

"Godoro?" Mzee akaziweka kete chini. "Kijana, hili jambo lilikuwa baya vya kutosha. Godoro linaingiaje tena?"

Wakati watu wanagaragara, mama wa dagaa alilitua beseni. Chini ya beseni palikuwa na ngata, na ngata ile, akaanza kuikunjua, ilikuwa nyekundu yenye mji mweusi.

"Doti ni vipande viwili," akaniambia, sauti ya mwalimu wa chekechea. "Jina moja. Hiki cha pili nilikuwa nacho kichwani muda wote. Ungeniambia, 'mama, niazime ngata nisome,' ningekupa."

Akakitandaza kipande kwenye baraza. Sote tukasoma: UMDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Methali ileile. Neno kwa neno.

Nilivunjika moyo kwa sekunde, kisha nikaona Mungu amenisimamia. Nikamwonyesha mzee kwa kidole. "Si mnaona? Mmedhani mimi ndiye, kumbe siye! Kanga yenyewe imenitetea."

"Wapi," akadakia mama wa ndizi. "Tulikudhani mtu na shati lako la mikono mirefu. Kumbe siye."

Ikawa mjadala. Upande mmoja ulisema kanga imeniachia, upande mwingine kanga imenifunga, na kila upande ulikuwa unasoma maneno yaleyale. Mzee aliwaacha wabishane mpaka akapata nafasi ya kusogeza kete zake bila mpinzani kuona, kisha akatoa hukumu: kama kweli kazi yangu ni maneno ya kuuza, beseni la mama limecheleweshwa kwa sababu yangu, na wateja wake wamekwenda. Nikaliuze.

Nikasimama barabarani na kopo mkononi. Nina uzoefu, nina vyeti. Nikavuta pumzi.

"Dagaa bora! Ladha halisi ya ziwa, mezani kwako!"

Mwendesha bodaboda akanipita akiwa amegeuza shingo kwa huruma. Nikajaribu "Afya ya familia huanza na dagaa". Hapo akasimama dada mmoja, akachota dagaa kiganjani, akauliza, "Wana mchanga?"

"Dada, hawa ni dagaa wenye hadhi yao," nikamjibu.

Akawarudisha.

Mama akaninyang'anya kopo. "Wa Kigoma hawaaa! Hawana mchanga hawaaa! Ukitafuna likalia kaa, njoo na sufuria lako nikurudishie hela na mkaa wako!"

Yule dada aligeuka akiwa bado hajafika mbali. Akaja na mwenzake. Kwa wasiopika, elezo ni hili: dagaa wa Ziwa Victoria wengi wamezoea kuanikwa chini mchangani, na hata uwaoshe maji mangapi, punje moja hubaki ikisubiri jino la mgeni wako wa heshima. Wa Kigoma wana sifa ya kuwa safi, na bei yao ni ya juu kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mnunuzi wa dagaa hana shida na ladha, anaijua. Anaogopa ule mlio wa "kaa" jinoni. Mama alilishika lile kaa na kulipigia kelele mtaa mzima, mimi nikawa mpimaji, yeye mpokea hela, hadi beseni likaonyesha kitako. Na mimi nikanunua kopo la mwisho, bila punguzo. Nilijaribu kuomba. Akaniuliza kama godoro langu nalo lina punguzo kwa watu wanaomfuata muuzaji kwa nyuma.

Kwenye basi la mwendokasi, nimesimama, mfuko wa dagaa mkono mmoja, nikajiuliza mtu anaogopa nini kwenye godoro. Haogopi ugumu. Anaogopa lile shimo la katikati, linaloanza mwezi wa tatu, mpaka mke na mume wanakutana huko kila usiku hata wasipotaka. Nikaandika ukurasa uleule, chini ya mama wa dagaa: "Halibonyei katikati. Mkilala mmenuniana, mtaamka kila mtu upande wake." Nikaupiga picha, nikamtumia bosi. Akajibu kwa alama ya kicheko, na hakumtaja Ogilvy. Mteja naye alilipenda, akalipitisha jioni hiyohiyo, akaongeza tu neno "bora" na namba zake zote za simu.

Nikafika nyumbani natembea kishujaa. Kijana wa machungwa alikuwa amenitangulia. Video ilishapita kundi la jumuiya, kundi la vikoba, kundi la waliosoma pamoja, na mke wangu yuko kwenye yote matatu.

"Karibu, msomaji," akasema.

Alikuwa amejifunga kanga ambayo sijawahi kuiona, mpya, bado inanuka dukani. Nilimpa dagaa, nikazunguka kidogo kama mtu wa kutafuta kiti. Akaona. Akakaa mkekani, akaegemea ukuta, jina lote akalikalia. Nikamuuliza, kwa upole kabisa, kipande cha pili cha doti kiko wapi.

"Nimempelekea mama," akasema. "Na yeye ni mkweo, anataka ukisome mbele yake."