Ala ya Mjerumani na Mbwa wa Jirani

Mimi nakusanya ala. Nilipomwambia mama yangu kwa simu, yeye yuko Tanga, aliuliza, "Ala?" Nikamwambia ndiyo, ala. Akasema, "Ala!" Kisha akampa simu mdogo wangu.

Ni ala za bastola za Kijerumani za wakati wa vita, hasa za P08, ile inayojulikana zaidi kwa jina la Luger. Bastola yenyewe sina. Hapa Ohio kuinunua si kazi, lakini mke wangu aliniwekea sharti mapema: bastola ikiingia kwa mlango wa mbele, yeye atatokea wa nyuma. Kwa hiyo nina ala sita, zimetundikwa ukutani karibu na mashine ya kufulia, zote tupu. Shemeji zangu husema nimejenga mabanda sita na kuku sina.

Maradhi haya niliyatoa kwa babu. Kwake kulikuwa na ala moja kuukuu iliyoning'inia msumarini, akiwekea ugoro. Alidai baba yake aliiokota Novemba 1914, baada ya vita vya Tanga, pale jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka India lilipotimuliwa kwa risasi, na nyuki nao wakaongeza zao. Babu alikuwa mtu wa kupamba maneno, huenda aliinunua mnadani. Ila kila Ijumaa aliipaka mafuta ya nazi, na iling'aa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Hayo mafuta yakumbukeni.

Kiangazi kimoja, kwenye maonyesho ya silaha, nilipata ala ya 1939. Wenye fani hii huigeuza kwanza, maana utajiri wote uko mgongoni: jina la fundi, mji wake, mwaka, na muhuri wa tai mdogo wa wakaguzi wa jeshi. Vita vya Pili vya Dunia vilipokolea majina yaliondolewa, zikapigwa herufi tatu tu za siri. Yangu ilikuwa na vyote: jina, mji, mwaka, tai, na "P.08" imesomeka vizuri. Pembeni kuna kifuko cha magazini ya akiba, yaani kikasha cha risasi. Ndani ya kifuniko kuna kijifuko kingine kidogo cha kuwekea kifaa cha bastola, kipande cha chuma ambacho askari alikitumia kukandamiza springi akijaza risasi, na ncha yake ni bisibisi. Kijifuko hicho kilikuwa kimegandamana kama mdomo wa mtu mwenye siri. Nikaogopa kukichana, nikakiacha.

"Ngozi ya mnyama gani?" mke wangu aliuliza kabla sijavua viatu.

"Ng'ombe."

Ana haki ya kuuliza. Mwishoni mwa vita ngozi ilipoadimika, zilitengenezwa hata ala za ngozi ya nguruwe. Hizo hata ukinipa bure sizichukui, kwa ajili ya dini na pia kwa ajili ya ndoa.

Mzee aliyeniuzia, mtu wa miaka themanini na kitu, alinishika mkono kabla sijaondoka. "Usiipake mafuta. Mafuta yanaozesha nyuzi, yanaitia weusi, yanaotesha kutu ya kijani kwenye vishikizo. Na maji yasiiguse. Ukiona vumbi, kitambaa kikavu. Umenisikia?"

Nilimsikia. Lakini nilipofika nyumbani ile ngozi ilikuwa kavu kama papa wa sokoni, kifuniko kinalia nikikiinua, na akilini namwona babu na kikopo chake. Nikajiambia, huyu mzee ni bingwa wa ngozi za Ulaya, babu alikuwa bingwa wa ngozi. Nikachukua mafuta ya nazi jikoni. Nikapaka. Ikayanywa. Nikapaka tena. Chupa ilipofika nusu, ala ya 1939 ilikuwa nyeusi tii, laini, inanukia kama wali wa sikukuu. Nikaianika juani barazani nyuma, nikaingia ndani kuswali Adhuhuri.

Jirani yetu, bibi mmoja mstaafu, ana mbwa aina ya labrado anayeitwa Biscuit. Baina ya nyua zetu hakuna ua. Nilipotoka, Biscuit alikuwa amelala chini ya ngazi, macho amefumba nusu kama mtu aliyetoka karamuni, na mbele yake kuna kifuniko nusu na kifuko cha magazini. Karibu mgongo wote ulikuwa umeliwa. Jina, mji, mwaka, tai. Alichoniachia ni herufi P.

Nilipiga ukelele uliomtoa bibi wa watu ndani na mkasi wa maua mkononi. Nilidhani ataniomba radhi. Akanishika shati: "Umempa nini mwanangu?"

Tukampeleka kwa daktari wa mifugo, mimi nikiendesha, bibi nyuma akilia, Biscuit akinipumulia shingoni harufu ya nazi. Wakampiga eksirei. Daktari akawasha picha ukutani, akakunja uso. "Ngozi si hoja, itasagika. Ila kuna hiki." Akagusa kwa kalamu. Katikati ya tumbo la mbwa kulikuwa na kitu cheupe kama chaki, kibapa kirefu chenye tundu, na ncha iliyopinda.

Moyo ukanilipuka. Mafuta yalikuwa yamekilainisha kile kijifuko! Kumbe siri yake ilikuwa hiyo, kifaa chenyewe, kimekaa humo miaka yote hadi Biscuit alipokuja kukifungua.

"Kipo!" nikapaza sauti. "Subhanallah, kipo!"

Bibi akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kutazamwa nalo tena. Daktari naye akaniuliza taratibu kama nataka kukaa. Badala ya kukaa, nikamuuliza kama picha inaweza kukuzwa, nione kama kina muhuri.

Walikitoa kwa mpira mrefu uliopitishwa kooni, mgonjwa kalazwa usingizi. Bili ilikuwa dola 1,640. Ala niliinunua dola 280. Bibi akasema chuma kilichotoka kwenye tumbo la mbwa wake ni mali ya mbwa wake. Tukabishana mapokezini, watu na paka zao wanasikiliza, hadi tukaafikiana: mimi nalipa bili yote, chuma nachukua mimi. Nikatoka na kifaa ndani ya mfuko wa plastiki, najiona mshindi. Na muhuri ulikuwepo, tai mdogo, mbawa wazi.

Mke wangu alinisubiri mlangoni. Hakuuliza bei. "Kimetoka tumboni mwa mbwa?"

"Ndiyo, lakini daktari amekisafisha."

"Kwa daktari ni safi. Kwangu hakijatoharika."

Akaleta ndoo, akachota udongo kwenye chungu cha mrehani, akasimama nami uani kuhesabu mara saba, kama dini inavyotaka kwa kilichoguswa na mbwa. Nilipokosea hesabu kwenye ya tano, tukaanza upya. Ile ya udongo aliisimamia kwa karibu sana, nisugue kila pembe. Watoto walitazama dirishani. Biscuit naye, kola ya plastiki shingoni, alitazama kutoka kwao.

Jioni nikampigia yule mzee. Alipokea habari za mbwa kwa guno. Nilipofika kwenye kifaa, sauti yake ikabadilika kabisa. Akaniambia kifaa chenye muhuri wake, na weusi wake wa kiwandani haujaguswa, watu wanakitafuta sana, na kama sikukifanya lolote angependa aje kukiona kesho asubuhi.

Nikanyamaza.

"Hukukiosha?" akauliza.

"Nilikiosha."

"Kwa maji?"

"Mara sita kwa maji."

Akashusha pumzi. "Basi. Kwa maji tu, labda si..."

"Na ya saba kwa udongo," nikasema.

Simu ikakatwa.