Kidoa kisichosogea kwenye kioo

Jumamosi nilirudi Mwanza mikono inatetemeka, na hasira haijanitoka mpaka leo.

Nilikuwa na ndege ndogo, Cessna 172, na abiria mmoja, nashukia kiwanja cha changarawe mashariki ya ziwa. Pale hakuna mnara wa kuongoza ndege. Nilitangaza redioni nilipo, nikaanza mzunguko wa kutua: nikaambaa na njia mkono wa kushoto, nikakata beisi, kipande kinachokatiza kabla ya kona ya mwisho. Asubuhi ile nilikuwa nimepita kando ya wingu la wadudu wa ziwani, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi, na kioo kilikuwa kimetapakaa waliopondeka. Kwenye pembe ya kulia, karibu na nguzo, palikuwa na kidoa kimoja cheusi. Nilikiona. Nikakihesabu kuwa mdudu.

Kisha kikaota mabawa.

Ilikuwa Caravan, ndege kubwa kuliko yangu, inakuja moja kwa moja kwenye fainali, mstari wa mwisho wa kutua, haijazunguka popote. Nikakata kulia kwa nguvu, nikapita nyuma yake. Niliona hata vumbi jekundu kwenye matairi yake. Abiria wangu, mama wa makamo anayekwenda kumwona mjukuu, alinishika bega na hakusema neno.

Chini nilimfuata rubani. Kijana mwenye adabu, alianza na "Shikamoo, kapteni," kabla sijafungua mdomo. Halafu akasema, "Lakini nilitangaza redioni." Nami nilitangaza. Inawezekana tulibonyeza kitufe kwa pamoja, kila mmoja akamfunika mwenzake, na wote tukaamini tumesikika.

Ndiyo maana naandika. Agosti 18, 2022, Watsonville, California, kiwanja kisicho na mnara kama hiki chetu. Cessna 152 ilikuwa kwenye mzunguko, Cessna 340 ya injini mbili ikaja moja kwa moja kwa kasi ya zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Marubani wote wawili walikuwa wakizungumza kwenye masafa yale yale ya redio. Zikagongana. Watu 3 walikufa, mchana kweupe. Ajali hizi nyingi hutokea hivyo hivyo: hewa safi, karibu na kiwanja, chini chini, mwenye kasi akimkuta wa polepole.

Na jicho lina udhaifu wake. Kitu kinachotembea kwenye kioo hicho kitakupita. Kinachokujia mgongano hakisogei. Kinabaki palepale, kidogo, kinafanana na uchafu, halafu sekunde za mwisho kinajaa dirisha zima. Mamlaka ya anga ya Marekani inakadiria sekunde 12.5 tangu rubani aone mpaka ndege igeuke. Ndege mbili zikikaribiana kwa kilomita 300 kwa saa, hapo zimeshakula zaidi ya kilomita moja. Mzunguko upo kwa sababu hiyo: unamweka kila mtu mahali ambapo mwenzake anajua pa kumtafuta, na unampunguza kasi yule mwenye haraka.

Najua mafuta ni ghali. Najua watalii wanasubiriwa na gari, na kwamba kuingia moja kwa moja siyo kosa kila mahali. Sawa. Lakini aingie hivyo aliyehakikisha mzunguko ni mtupu, siyo anayedhani.

Tableti za kuonyesha ndege jirani zinasaidia, sikatai. Zinaonyesha tu ndege zinazotuma ishara ya mahali zilipo. Mtambo wa TCAS wa ndege kubwa, unaomwonya rubani asigongane na mwenzake, unalazimishwa kwa ndege za zaidi ya kilo 5,700 au abiria zaidi ya 19, na Caravan haifiki huko.

Wala mnara si kinga kamili. Machi 5, 2024, karibu na uwanja wa Wilson, Nairobi, ndege ya Dash 8 yenye abiria iligongana angani na Cessna 172 ya mafunzo. Mwalimu na mwanafunzi wake wakafa. Wilson ina waongoza ndege. Sisi tukishaagana na mnara wa Mwanza, tukashuka Rubondo au kwenye viwanja vya changarawe, tunapangana wenyewe.

Kijana yule tulikaa naye chini ya bawa la Caravan yake karibu nusu saa. Tumekubaliana, yeye na mimi: pale tunapita kwanza juu ya kiwanja, tunazunguka mkono wa kushoto, na kila anayetangaza ataje mwinuko wake, kisha anyamaze asikilize. Wengine mnaotua pale, naomba mjiunge nasi.

Jioni, kabla ya kuondoka, nilichota maji kwenye ndoo nikaosha kioo mpaka pembeni kabisa. Yule mama alikuwa amesharudi kutoka kwa mjukuu. Alichukua kitambaa cha pili, akaanza upande wa kulia.